Maji ya Falaji na Mitende ya Oman

Katika miji ya kale ya Oman ya ndani, kama vile Nizwa na Izki, maji yaliyonywesha mitende yalikuwa kwanza yamekwisha kuwahudumia watu. Yaliletwa na falaji, yaani mfereji unaoteremsha maji kwa mwinamo mdogo tu, bila ya chombo cha kuyavuta. Falaji ya aina ya daudi huanzia katika kisima mama kilichochimbwa karibu na milima, na maji yake husafiri chini ya ardhi katika handaki linaloweza kufika kilomita kadhaa. Ile ya ghaili huyakinga maji ya bondeni yaletwayo na mvua, na kwa sababu hiyo hupungua au hukauka kabisa mvua zinapokosekana.

Falaji ilipofika mjini, mahali pa kwanza palikuwa sharia, yaani pale wakazi wote walipoteka maji ya kunywa bila malipo, na hapakuruhusiwa kufuliwa wala kuogewa. Chini yake palifuata msikiti, ambako watu walitawadha, kisha vyumba vya kuogea vya wanaume na vya wanawake vilivyojengwa juu ya mkondo, na baada ya hapo mahali pa kuoshea maiti. Baada ya kupita huko kote ndipo maji yalipoingia mashambani. Mpango huu ulikuwa wa busara kubwa, kwani uliyalinda maji ya kunywa bila kupoteza yale ya kuogea, na majani ya mkunazi yaliyotumika zamani kujisafishia hayakuudhuru mtende. Tena mti huo huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda.

Hata mashambani palikuwa na utaratibu. Mitende, pamoja na midimu na miembe iliyopandwa kivulini mwake, ilitangulia kupata maji, kwa kuwa mti uliokufa kwa kiu huchukua miaka mingi kurudishwa. Mashamba ya nafaka yaliwekwa mwisho, yakapanuliwa mwaka wa maji mengi na kuachwa yalale mwaka wa ukame. Zamu za maji zilihesabiwa kwa athari, kipimo cha takriban nusu saa kilichofuatwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, na baadhi ya zamu ziliwekwa wakfu au zilikodishwa kwa mnada ili kugharimia matengenezo.

Historia hii inaugusa pia mwambao wa Afrika Mashariki. Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, anatajwa na wanahistoria wa Oman kuwa alifufua falaji nyingi na kupanda mitende 30,000 na minazi 6,000. Waomani waliohamia Unguja katika karne ya 19 hawakuhitaji kuchimba falaji, kwani mikarafuu yao ilitegemea mvua.

Mashine za kuvuta maji visimani, zilizoenea katika karne ya 20, ndizo zilizoidhuru falaji zaidi, kwa kuwa ziliteremsha kiwango cha maji ya ardhini ambacho wachimbaji wa kale walikuwa wamekipima kwa uangalifu. Hata hivyo, falaji zipatazo 3,000 bado zinatiririka Oman, na tano kati yake, zikiwemo Daris ya Nizwa na al-Malki ya Izki, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.