Mjukuu Anaposafiri: Haki ya Babu na Bibi



Ndugu wapendwa, ugomvi juu ya safari za watoto ni wa kale kuliko pasipoti. Sura ya 31 ya Kitabu cha Mwanzo yasimulia jinsi Yakobo alivyoondoka kwa siri na wake zake na watoto ili arudi Kanaani. Labani, baba mkwe wake, alipata habari siku ya tatu, akawafuatia siku saba hadi milima ya Gileadi. Malalamiko yake yalikuwa mengi, lakini moja lilikuwa la babu: hakupewa nafasi ya kuwabusu wajukuu na kuwaaga. Labani alikuwa amemdhulumu Yakobo kwa miaka mingi. Hata hivyo Maandiko hayakulificha lalamiko lake.

Hapa Msasani kilio hicho si kigeni. Bibi amemlea mtoto tangu aachishwe kunyonya, huku wazazi wakitafuta riziki ughaibuni. Kisha tiketi inakuja. Au mzazi mmoja amefariki, na aliyebaki ataka kuhamia nje na mtoto, wakati kwa wazazi wa marehemu mtoto huyo ndiye kumbukumbu hai waliyoachiwa. Hapo huulizwa: mtoto ni wa nani?

Wazee wetu walijibu kwa ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa makabila mengine mengi ni wa ukoo wa baba. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika jibu hilo la pili kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaleta swali jingine: ustawi wa mtoto unadai nini? Kwa sheria hiyo, mahakama inayoamua malezi yaweza kuagiza mtoto atembelee ndugu wa mzazi aliyefariki, au kumzuia anayekaa na mtoto asimtoe nchini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza kwamba ndugu anayemlea mtoto aweza kuomba mahakamani apewe malezi yake, na aliyekuwa akimlea aweza kuomba kumwona kwa vipindi. Yeyote haruhusiwi kumwondoa mtoto kinyume cha sheria mikononi mwa anayemlea kihalali.

Basi, mbele ya sheria bibi si mgeni. Mlango aliofunguliwa ni wa malezi, wala haumfanyi mmiliki wa mtoto. Kanisa nalo, katika kanuni ya 226 ya Sheria zake za mwaka 1983, lawakabidhi wazazi wajibu mzito na haki ya kuwalea watoto wao. Kwa hiyo babu anayeficha cheti cha kuzaliwa ili safari ikwame anakosea. Na mzazi anayemchukua mtoto alfajiri bila kuaga anakosea vilevile. Anayeumia katika yote mawili ni mtoto.

Tazameni ugomvi wa Gileadi ulivyokwisha. Walirundika mawe yawe ushahidi, wakaapa, wakala pamoja. Asubuhi Labani akawabusu wajukuu na binti zake, akawabariki, akarudi kwake. Nao wakaendelea na safari. Watoto hawakurudishwa, lakini babu alipata haki yake ya kuaga na kubariki.

Familia zetu nazo zikae kikao kabla tiketi haijakatwa. Wakubaliane siku za kupiga simu, likizo za kurudi nyumbani, na nani atakayemfundisha mtoto sala huko aendako. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, aliitaja imani ya bibi yake, Loisi. Imani ya namna hiyo mtoto husafiri nayo, akipewa nafasi ya kuipokea.

Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, watuombee. Mungu awabariki.