Paka, Panya na Mboloko: Filamu za Vibonzo na Watazamaji wa Lubumbashi

Historia ya sinema katika Kongo imezoea kushughulikia filamu za habari na za mafundisho. Filamu za vibonzo huachwa kando, kana kwamba kicheko si jambo la kuchunguzwa. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji haikukidharau kicheko hicho. Mwaka 1945 ilitoa amri iliyokataza watu wasio wa asili ya Ulaya au Asia kuingizwa katika maonyesho ya sinema, isipokuwa pale filamu ilipokwisha kukubaliwa na tume ya ukaguzi. Maafisa na wamisionari wengi walishikilia kwamba Mwafrika hajakomaa kwa sinema: mbinu za kamera zingemchanganya, na hadithi yenye kwenda mbio ingemtoka.

Katika Élisabethville, jina la Lubumbashi hadi mwaka 1966, fikra hiyo iliwagawa watazamaji. Mjini kulikuwa na majumba ya sinema ya Wazungu. Kwa wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga na familia zao, filamu zilionyeshwa makambini baada ya kuchaguliwa na wakubwa. Mara nyingi maonyesho ya namna hii, yawe ya kampuni au ya misioni, yalifanyika nje, usiku, na msemaji alifasiri kwa lugha ya wenyeji. Huyo msemaji angestahili makala yake mwenyewe, kwa kuwa watazamaji walisikia maneno yake, si ya mtengenezaji wa filamu.

Wakati huohuo Hollywood ilikuwa ikipanua kiwambo chake. Televisheni ilikuwa imewabakiza watu nyumbani, na mwaka 1953 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilileta CinemaScope, picha yenye upana unaozidi mara mbili na nusu ya kimo chake. Vibonzo vilifuata upesi. Disney ilitoa Toot, Whistle, Plunk and Boom mwaka huohuo, na mwaka 1954 William Hanna na Joseph Barbera wakampeleka Tom na Jerry katika umbo hilo kwa Pet Peeve. Upana ulibadili hata namna ya kuchekesha. Mbio za paka na panya, ambazo zamani zilipita pembeni mwa picha na kutoweka, sasa zilionekana tangu mwanzo hadi mwisho wake. Lakini wachoraji walikuwa na eneo kubwa zaidi la kujaza, na nyumba zao zikawa tupu kidogo. Yafaa kusema waziwazi kwamba filamu bora za Tom na Jerry ni zile za kabla ya upana huo.

Pet Peeve ina jambo jingine. Katika filamu za awali, mwenye sauti nyumbani mwa Tom alikuwa mtumishi Mwafrika-Mmarekani, Mammy Two Shoes, ambaye karibu kila mara alionekana miguu tu. Sauti yake ilikuwa ya mwigizaji mweusi Lillian Randolph. Chama cha NAACP kilikuwa kimelalamikia taswira hiyo, na baada ya 1952 mhusika huyo hakuonekana tena. Katika kiwambo kipana nyumba ikawa ya mume na mke Wazungu. Mtu mweusi hakupewa sura bora zaidi, aliondolewa tu.

Kongo nako palikuwa na vibonzo. Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut, aliyefanya kazi Léopoldville, alitengeneza mfululizo uitwao Les palabres de Mboloko. Mboloko ni paa mdogo, na kama Jerry huwashinda wakubwa kwa akili. Hapa ndipo nadharia ya kutokomaa inapojikwaa. Padri aliyewatengenezea Wakongo filamu nyepesi aliwarudishia hadithi ambazo wao wenyewe walikuwa mabingwa wake, na mtu aliyelelewa kwa hila za mnyama mdogo hahitaji kufundishwa kwa nini panya amemshinda paka. Aidha, Mboloko ni jina la magharibi na la Kilingala. Katanga mjanja wa hadithi ni Kalulu, yule ambaye pwani huitwa Sungura. Kwa hiyo hata filamu iliyodai kuwa ya Kiafrika ingefika Élisabethville ikiwa mgeni aliyehitaji kutambulishwa.

Kipaji cha kuchekesha cha mji wenyewe kilitokea jukwaani na redioni, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, hasa katika kundi la Mufwankolo. Mchezo wao juu ya mamlaka ulichunguzwa na Johannes Fabian mwaka 1986, naye akautungia kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Kalamu ya vibonzo ilichelewa zaidi kuingia mikononi mwa Wakongo. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Kasai, alitengeneza Le crapaud chez ses beaux-parents mwanzoni mwa miaka ya 1990, kutokana na ngano ya Kitetela juu ya chura anayewazuru wakwe zake. Baadaye akatoa Septembre noir, inayotegemea michoro ya watoto kuhusu askari waliopora Kinshasa Septemba 1991. Mwezi uliofuata uporaji ulifika Lubumbashi.