Mchikichi, Kinu na Daftari

Katika mikutano yetu ya karibuni limezuka swali ambalo halikujibiwa sawasawa: Chama hiki kimetimiza miaka 10, mbona hakikodi ardhi Kyela kikapanda michikichi? Hapa Chapwa tupo juu ya mita 1,500, na mti ule hauvumilii baridi yetu. Lakini mawese twayaona kila siku sokoni Tunduma. Swali ni la haki, nasi tumeona vema kulijibu kwa habari za waliotutangulia.

Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi, na Kigoma umekaa siku nyingi hata watu wakauhesabu kuwa wao. Miti mingi ya kale huko ni ya aina iitwayo dura, ambayo kokwa yake ina gamba nene na nyama ya tunda ni chache. Tenera, mtoto wa dura na pisifera, ana gamba jembamba na mafuta mengi. Mwezi wa Julai 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda Kigoma kulihimiza zao hili, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Sababu yafahamika: sehemu kubwa ya mafuta ya kula nchini ilikuwa ikinunuliwa ng'ambo, hasa Malaysia na Indonesia.

Lakini mbegu si taabu kubwa kuliko zote. Mwenye kahawa akikuta bei mbaya aweza kungoja. Mwenye mahindi huyaweka ghalani. Mkungu wa chikichi ukisha kukatwa hauna subira: wapasa kukamuliwa upesi, kwa desturi ndani ya saa 24, la sivyo asidi huzidi katika mafuta na thamani hushuka. Kwa hiyo mwenye kinu ndiye mwenye neno. Tena mti huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, kisha huendelea kwa miaka 25 hivi. Aliyekwisha kuupanda hawezi kugeuka msimu ujao akalima alizeti.

Haya yalionekana Kalangala, visiwa vya Uganda katika Ziwa Viktoria. Kwa mradi uliosaidiwa na IFAD, kampuni ilipanda shamba kubwa kisiwani Bugala na kujenga kinu, na wakulima wadogo wakakopeshwa miche na mbolea. Kati ya mkulima na kinu likawekwa shirika la wakulima, KOPGT, la kusimamia mikopo, mavuno na malipo. Mavuno ya kwanza yalikuwa mwaka 2010. Wengi walipata fedha ya kila mwezi, nasi hatuwezi kuidharau. Hata hivyo msitu wa Bugala ulipungua sana, na mnamo 2015 baadhi ya watu walikwenda mahakamani wakidai wameondolewa katika ardhi yao.

Kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo duniani, wenye viwanda, wanunuzi na mashirika ya mazingira walianzisha RSPO mwaka 2004, kukataza ukataji wa misitu na unyang'anyi wa ardhi. Masharti ni mema, ila mwenye ekari 2 peke yake hawezi gharama ya kuyathibitisha. Mwaka 2019 ikatolewa kanuni nyepesi kwa wakulima wadogo waliojiunga kikundi, wayatimize hatua kwa hatua. Kikundi nacho chataka mtunza daftari. Hapo sisi makatibu twaguna! Twakumbuka mwaka wetu wa tatu, wanachama walipouza mahindi usiku ng'ambo ya mpaka, huku wakidaiwa mbolea ya Chama. Wengine wamelipa, wengine wamo vitabuni hata leo.

Basi kabla ya kukodi ardhi Kyela, twauliza: kinu ki wapi, ni cha nani, na mizani atasoma nani? Halmashauri imeliweka shauri hili mbele ya mkutano mkuu ujao. Vitabu vya deni la mbolea vitakuwapo mezani.