"Ni Nguo Tu, Mathe"

Nilivaa tishati moja karibu mwaka mzima bila kujua ilikuwa inaongea.

Niliitoa Toi, pale ukingoni mwa Kibera, soo mbili. Kamera kabisa: mtumba ulikuwa umefunguliwa asubuhi hiyo na nikawahi. Nyeupe, imejaa vile vipande vya fumbo vya rangirangi, vya kuunganisha kimoja kimoja mpaka picha itokee. Siku moja nashuka stejini 46 Kawangware, mama mmoja wa ploti yetu akaniangalia kifua muda mrefu, halafu akauliza polepole, "Kijana wangu, kwenu nani ana usonji?"

Nikamjibu, "Ni nguo tu, mathe."

Akasema sawa, akaenda zake. Ana kijana wa miaka tisa ambaye ploti nzima tulijua tu kwamba "haongei". Hiyo alama aliijua kutoka bango la kliniki. Kumbe alidhani amepata mwenzake.

Usiku huo nilichimba. Alama ilianza Uingereza mwaka 1963. Wazazi wa watoto wenye usonji walikuwa wameunda chama London mwaka mmoja kabla, kile ambacho leo kinaitwa National Autistic Society, na mzazi mmoja, Gerald Gasson, akachora kipande cha fumbo chenye mtoto anayelia ndani yake. Mwaka 1999 Marekani ikaja na utepe wa vipande vya rangi. Mwaka 2005 shirika la Autism Speaks likaanza na kipande cha buluu. Tangu hapo kitambaa cha vipande kimeshonwa kila kitu: tai, mikoba, skafu, soksi. Na tishati za matembezi ya kuchangisha pesa, ambazo mtu huvaa siku moja tu halafu anazitoa sadaka. Zinafungwa, zinapanda meli, zinashuka Mombasa, na mimi nawahi kamera.

Watu wazima wengi wenye usonji hawaitaki tena. Wanasema wao si fumbo la mtu, na hakuna kipande walichopoteza. Hata kile chama cha London chenyewe kilishaiacha.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba pwani yetu imekuwa na nguo za mafumbo tangu enzi za nyanya za nyanya zetu, na huko hakuna aliyekuwa anavaa ovyo.

Hebu tuanze na merikani. Ndiyo, jina linatoka Marekani. Kabla ya mtumba wowote, karne ya 19, meli kutoka Massachusetts zilileta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba kisicho na rangi. Hicho, pamoja na kaniki nyeusi, ndicho walichovaa watumwa. Nusu ya pili ya karne hiyo wanawake wa Zanzibar na Mombasa wakaanza kununua vitambaa vya leso, neno tulilopata kwa Wareno, wakashona sita pamoja kuwa nguo moja kubwa. Baadaye wafanyabiashara wakachapa nguo nzima. Ya madoadoa ikafanana na ndege kanga, jina likashika, ingawa sisi Kenya bado tunasema leso. Mombasa kuna familia ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara 1887, na leso zao bado zina alama ya Mali ya Abdulla.

Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walitupa merikani na kaniki wakavaa kanga. Yaani rangi ilikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu. Halafu maandishi yakaja, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi zetu. Ndiyo ile sehemu inaitwa jina, chini ya mji, ndani ya pindo. Na hapo ndipo leso ikawa fumbo kamili. Ukivaa "Hasidi hana sababu" ukapita mbele ya mlango wa jirani, hujamtaja mtu. Lakini anayehusika anajua, na wewe unajua anajua. Akikuuliza, unasema ni nguo tu!

Sasa mnaona tofauti. Yule mwanamke alisema ni nguo tu akijua si kweli. Mimi nilisema nikiamini.

Sitawaambia mtumba ni mbaya, mimi mwenyewe ndio unanivalisha. Miaka ya 90 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza nguo, viwanda kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vilianguka, na si mtumba peke yake uliviangusha. Ila tulibadilisha kitu ambacho hakuna aliyetuuliza: kutoka kuchagua maneno ya nguo hadi kuchagua saizi tu. Siku hizi hata leso tunavaa hivyo. Angalia kina mama sokoni Kawangware, leso kiunoni, jina liko juu chini. Ukiuliza imeandikwa nini, wengi wanalazimika kuifungua wasome.

Nilirudi kwa yule mathe. Nilimwambia ukweli kwamba sikujua, na nikakaa hapo karibu saa mbili akiniambia mambo ya kijana wake, kwamba anapenda vifuniko vya chupa, anavipanga kwa rangi, na ukivichanganya analia. Hakuna mtu ploti alikuwa amewahi kumuuliza.

Jumamosi nikaenda kumnunulia leso. Nikasema safari hii nasoma kwanza. Hii ina kijembe, weka kando. Hii ya harusi. Hii inaongea na mke mwenza, hapana. Nilipofika ya kumi na kitu, mwenye duka akachoka na mimi.

"Wewe umekuja kununua leso ama kusoma gazeti?"