KABLA HUJASEMA HUNA LAPTOP, SOMA KWANZA HISTORIA HII YA UCHORAJI

Leo tunaanzia Mpuguso, nje kidogo ya Tukuyu, kwenye chuo cha ualimu. Mwalimu yeyote aliyepita chuo anajua habari ya zana za kufundishia. Unapewa manila na maka peni, manila ikiisha unatafuta salfeti, unaikata, unaitandaza, unachora ramani ya Tanzania au moyo wa binadamu. Hakuna aliyekuwa anaita ile sanaa. Lakini watoto wengi mchoro wao wa kwanza kuutazama kwa makini ulikuwa ule wa kwenye salfeti ukutani.

Sasa kijana wa leo wa hapohapo anachora kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kioo. Anachora vizuri tu. Halafu mtu wa mjini anamwambia bila laptop kali na Photoshop yeye si msanii, na kijana anaacha. Hapo ndipo historia inabidi imtetee.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa amesoma chuo chochote cha sanaa. Alichukua mbao za bei poa za ujenzi na rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, basi. Alifariki mwaka 1972, lakini staili imebaki na jina lake mpaka leo. Alitumia kilichokuwepo, akakijua vizuri.

Upande wa kompyuta mambo yalianza mbali. Mwaka 1963 kule Marekani, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT alionyesha Sketchpad, programu ya kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Huku kwetu mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa Wizara ya Fedha kuleta hasara. Zuio lililegezwa taratibu, likaja kuisha miaka ya 1990. Kwa hiyo Wacom, kampuni ya Japani ya vibao vya kuchorea, inaanzishwa 1983, na Photoshop inatoka 1990, sisi bado tuko na brashi. Mikono ilikuwepo, vifaa ndio vilichelewa.

Vilipofika vikaja kwa kishindo. Wale waliokuwa wanachora kinyozi na mitindo ya nywele kwenye kuta za saluni wakakutana na mabango ya kuprinti. Bango la siku tatu likawa la nusu saa. Wengine waliweka brashi chini moja kwa moja. Wengine walikwenda kukaa pembeni ya kijana wa stationery, wakajifunza mausi. Tofauti yao haikuwa kipaji, maana wote walikuwa nacho. Mmoja alikubali kuwa mwanafunzi tena ukubwani.

Julai 2009 mkonga wa SEACOM ukaanza kazi, Dar ikiwemo, na mafunzo ya video yakaanza kufikika. Ila watu walijifunzia programu za kukreki. Mwaka 2013 Adobe wakahamia kwenye kulipia kila mwezi, na hapo mtego ukaonekana. Umezoea kifaa ambacho huwezi kukilipia, na faili la kukreki likija na virusi, kazi za miaka miwili zinaondoka siku moja.

Kumbe njia nyingine ilikuwepo siku zote. GIMP ilitoka 1996, kazi ya wanafunzi wawili wa Berkeley, na ni bure mpaka leo. Blender ni huria tangu 2002. Krita ni ya kuchora na kupaka rangi, Inkscape ni ya nembo. Kwenye simu kuna ibis Paint, ya Wajapani, tangu 2011. Zote hizi unaanza bila kulipa hata mia.

Uchague ipi? Angalia kazi, usiangalie jina. Picha ya mtu au katuni inataka programu ya vidoti, yaani pikseli, kama Krita. Nembo ya duka inataka vekta, kwa sababu leo itawekwa kwenye kadi na kesho kwenye bango la mita tatu, na vidoti ukivikuza vinavunjika. Wengi wanakosa hela za wateja hapo tu.

Na kalamu je? Ile ya bei rahisi yenye mpira mbele ni kidole kirefu tu, haijui umekandamiza kiasi gani. Mstari mwembamba unaonenepa unataka kibao kinachohisi mgandamizo. Kinunuliwe baadaye, na kinunuliwe kwa hela ya michoro. Kuuza shamba la parachichi ili uanze kuchora ni kuanzia mwisho.

Mwalimu wa Mpuguso hakusubiri projekta ili afundishe moyo unavyosukuma damu. Alikata salfeti. Simu iliyopasuka kioo ndiyo salfeti ya sasa, na kijana aliyeacha kuchora wiki iliyopita bado anayo mfukoni.

Wadau, nani alianza na simu na leo analipwa? Tiririkeni hapo chini, kuna mtu anahitaji kusoma.