Kache ya kivinjari: Namna ya kuifuta au kuikwepa bila kumaliza bando

MWANAFUNZI wa Masalani anayetafuta nafasi ya chuo mtandaoni huweza kufungua ukurasa unaomwambia kwamba maombi hayajaanza kupokelewa, ilhali mwenzake aliye mjini Garissa, kwa anwani iyo hiyo, tayari anajaza fomu.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa mtandao hafifu au kwa ofisi iliyotoa tangazo. Hata hivyo, yapo matukio ambapo kosa halipo kwa yeyote kati ya hao, bali limo ndani ya simu au tarakilishi inayotumiwa.

Kila chombo cha aina hiyo huwa na programu ya kufungulia tovuti, iitwayo kivinjari, na ambayo wengine huiita kisakuzi. Mifano yake ni Chrome, Firefox, Edge, Safari na Opera. Ndani ya kivinjari mna ghala la nakala za kurasa na picha ambazo mtumiaji amekwisha kuzifungua. Ghala hilo huitwa kache.

Kuelewa jinsi kache inavyofanya kazi ni jambo la manufaa kwa kila anayetegemea mtandao kupata huduma. Matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2024, yaliyotangazwa Januari 9, 2025, watahiniwa waliyatazama kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani nchini, KNEC. Maombi ya vyuo hupitia tovuti ya KUCCPS, ya mikopo ya elimu hupitia HELB, na ya stakabadhi nyingi za serikali hupitia eCitizen. Takriban shughuli zote hizo zina siku ya mwisho.

ASILI YA KACHE

Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuficha. Mtaalamu Mwingereza Maurice Wilkes alieleza mwaka 1965 wazo la kuipa tarakilishi kumbukumbu ndogo yenye kasi ya kusaidia kumbukumbu kubwa iliyo nzito. Miaka michache baadaye kampuni ya IBM ikalitumia jina la kache kwa kumbukumbu ya namna hiyo katika mtambo wake wa System/360 Model 85.

Wavuti ulipoenea katika miaka ya 1990, wazo hilo lilihamishiwa kwenye vivinjari. Kanuni za jinsi kivinjari na seva zinavyokubaliana kuhusu nakala zilipanuliwa katika toleo la HTTP/1.1 la 1997, na zikaandikwa upya Juni 2022.

Mkazi wa Ijara hahitaji mfano wa mbali ili kuelewa. Mto Tana hauko mbali na Masalani, lakini hakuna anayekwenda mtoni kila anapohisi kiu. Maji huchotwa mara moja yakawekwa mtungini, na nyumba nzima ikanywa humo. Kivinjari nacho huchota ukurasa kutoka kwa seva, hata kama seva iko ng'ambo ya bahari, kisha hukuhudumia kutoka mtungi wake. Ukurasa hufunguka upesi na bando haliliwi mara mbili.

Tatizo huzuka pale maji ya mtoni yanapobadilika na ya mtungini yakabaki yale yale.

NAKALA HUCHAKAAJE?

Seva inapotuma ukurasa, huambatanisha maagizo ambayo msomaji hayaoni. Agizo mojawapo hutaja muda, kwa sekunde, ambao nakala itahesabiwa kuwa bado ni mpya. Kabla ya muda huo kwisha, kivinjari huweza kuonyesha nakala yake bila kuiuliza seva lolote.

Muda ukiisha, kivinjari huuliza kama ukurasa umebadilika. Ikiwa haujabadilika, seva hujibu kwa namba 304, yaani endelea na nakala uliyo nayo. Jibu hilo ni fupi mno na halitumii bando la maana. Ikiwa umebadilika, ukurasa mpya hutumwa.

Kurasa nyeti, kama za benki, huja na agizo la kutohifadhiwa kabisa. Tovuti zilizotengenezwa kwa uangalifu hutoa maagizo yanayofaa kwa kila ukurasa. Zisizotengenezwa hivyo huacha bila agizo lolote, na hapo kivinjari hulazimika kukisia.

Kanuni za HTTP hupendekeza kipimo cha kukisia: sehemu moja kwa kumi ya muda uliopita tangu ukurasa ulipobadilishwa mara ya mwisho. Kwa hivyo ukurasa uliokaa siku 100 bila kuguswa unaweza kuchukuliwa kuwa mpya kwa siku 10 zaidi. Tangazo likibadilishwa katika siku hizo 10, aliyeufungua ukurasa mapema anaweza kuendelea kusoma la zamani. Inafuata kwamba ukurasa uliokaa kimya kwa muda mrefu ndio unaoelekea zaidi kumhadaa msomaji siku unapobadilika.

KUIKWEPA KACHE

Katika nchi ya ukame, hakuna amwagaye maji yote ya mtungi kwa sababu ya jani moja lililoangukia humo. Ndivyo inavyopasa kufanya na kache. Kabla ya kuifuta yote, jaribu kuikwepa kwa ukurasa ule mmoja tu unaoushuku.

Kwenye tarakilishi yenye Windows au Linux, fungua ukurasa, shikilia kitufe cha Ctrl pamoja na Shift, kisha bonyeza R. Katika Chrome, Edge na Firefox, kufanya hivyo huamuru ukurasa uletwe upya kutoka kwa seva. Ctrl pamoja na F5 hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa wenye Mac wanaotumia Chrome au Firefox, mahali pa Ctrl huchukuliwa na kitufe cha Command.

Jambo hilo ni tofauti na kubonyeza F5 peke yake. Katika baadhi ya vivinjari, F5 huukagua ukurasa mkuu lakini huacha picha na vipande vingine vitoke ndani ya kache.

Simu nyingi hazina vitufe hivyo. Njia rahisi ni kufungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, ambalo Chrome ya Kiswahili huliita dirisha fiche. Dirisha hilo huanza na ghala tupu, hivyo kinachoonekana humo kimetoka nje ya simu. Funga kwanza madirisha yote ya faragha yaliyokuwa wazi, la sivyo nakala za muda mfupi uliopita zinaweza kuwa bado zimo.

Njia nyingine ni kuongeza alama ya kuuliza na tarakimu yoyote mwishoni mwa anwani, mathalani ?7. Kivinjari huiona kama anwani mpya ambayo hakina nakala yake. Mbinu hii hufaa kwa anwani ambayo haina alama hiyo tayari, na huleta upya ukurasa wenyewe tu wala si picha zilizomo.

KUIFUTA KACHE

Njia hizo zikishindwa, au nafasi ya simu ikiwa imejaa, ndipo kache ifutwe. Kwenye tarakilishi, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Dirisha litafunguka likiwa na orodha ya vitu vinavyoweza kufutwa. Katika simu ya Android yenye Chrome, gusa vidoti vitatu vilivyo kwenye kona, ingia katika historia, kisha chagua kufuta data ya kuvinjari.

Hapa pana mtego. Orodha hiyo huwa na visanduku kadhaa, na kache ni kimoja tu kati yavyo. Weka alama kwenye kisanduku cha picha na faili za akiba, na uondoe alama kwenye vingine usivyokusudia kuvifuta.

Kisanduku cha vidakuzi, kwa mfano, kina alama ndogo zinazozifahamisha tovuti kwamba wewe ndiwe uliyeingia. Ukivifuta, utatolewa katika akaunti zako, na aliyesahau neno la siri hujikuta mlangoni. Fomu uliyokuwa ukiijaza inaweza kupotea. Kufuta maneno ya siri yaliyohifadhiwa ni hasara kubwa zaidi.

Programu za simu nazo zina kache yake, ambayo hupatikana katika mipangilio ya simu, chini ya hifadhi ya kila programu. Aghalabu huwa na vitufe viwili: cha kufuta kache na cha kufuta data. Cha kwanza hakina madhara makubwa. Cha pili huirudisha programu ilivyokuwa siku ilipowekwa, na mazungumzo ya WhatsApp yasiyokuwa na nakala mahali pengine hayatarudi.

WAKATI AMBAPO KUFUTA HAKUSAIDII

Si kila ukurasa uliokwama una tatizo la kache. Mwishoni mwa Julai 2023, huduma za eCitizen zilivurugwa na shambulio la kimtandao, jambo lililothibitishwa na aliyekuwa Waziri wa Habari, Eliud Owalo. Wakati huo hapakuwa na kitufe chochote kwenye simu ya mwananchi ambacho kingeurudisha mfumo huo.

Kadhalika, mnamo Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipunguza kasi ya intaneti Afrika Mashariki. Kufuta kache katika hali kama hiyo huongeza shida, maadamu kila picha na kila kipande cha ukurasa hulazimika kuletwa upya kupitia njia iliyokwisha kubanwa.

Dalili zifuatazo husaidia kutofautisha. Ukurasa ukifunguka upesi lakini ukiwa na habari za zamani, ishuku kache. Usipofunguka kabisa, hata kwenye dirisha la faragha na kwenye simu ya mwenzako, tatizo liko kwingine. Ukionyesha habari za zamani kwa watu wote, basi nakala iliyochakaa iko upande wa seva, au wenye tovuti hawajaubadilisha.

TAHADHARI KATIKA SAIBA

Kwa anayetumia tarakilishi ya saiba, kache ni suala la faragha pia. Picha na kurasa alizofungua huweza kubaki humo, na anayeketi baada yake ni mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwabana wanaokusanya habari za watu, lakini haimzuii jirani kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma.

Kwenye tarakilishi ya watu wengi, ushauri wa hapo juu hugeuka: hapo futa vyote, yaani historia, vidakuzi na kache. Tangulia kwa kutoka katika akaunti yako. Kumbuka pia kwamba hati uliyoipakua, kama vile cheti cha PIN ya KRA au barua ya kujiunga na chuo, haimo katika kache. Hukaa katika folda ya vilivyopakuliwa na lazima ifutwe kwa mkono, humo na katika pipa la taka. Iliyo bora zaidi ni kutumia dirisha la faragha tangu mwanzo na kulifunga umalizapo.

Kwa muhtasari, anayeona tangazo linalomtia shaka aufungue ukurasa upya kwa nguvu, kisha ajaribu dirisha la faragha, kisha alinganishe na simu nyingine. Kufuta kache kuwe hatua ya mwisho. Na pale ukurasa unaposema kwamba maombi yamefungwa au hayajafunguliwa, hatua hizo tatu zifanywe kabla ya kukata tamaa, kwani hazichukui dakika tano, ilhali anayekosa tarehe ya mwisho huenda akasubiri mwaka mzima.