Safari Rally: Barabara ambayo michezo ya kompyuta haijaiweza

KATI ya mwaka 1997 na 2002 mbio za magari za Safari Rally zilifanyika mara sita nchini Kenya, na mara tano ushindi ulichukuliwa na madereva wawili kutoka Uingereza. Colin McRae alishinda mwaka 1997, 1999 na 2002, naye Richard Burns akashinda mwaka 1998 na 2000. Ni mwaka 2001 pekee ushindi ulipokwenda kwa Tommi Mäkinen wa Finland.

Madereva hao wawili wamekwisha kufariki dunia, Burns mwaka 2005 na McRae mwaka 2007. Hata hivyo, vijana wengi wasiowahi kuwaona wakishindana wanayajua majina yao kupitia kioo cha kompyuta. Mchezo wa Colin McRae Rally ulitoka mwaka 1998, na Richard Burns Rally mwaka 2004. Huu wa pili husifiwa kwa ugumu wake na wapenzi wa michezo inayofuata uhalisia: anayechelewa kukanyaga breki hujikuta mtaroni.

Ajabu ni kwamba mchezo wa Burns ulipotoka haukuwa na barabara hata moja ya Afrika. Ule wa McRae uliiweka Kenya katika toleo la pili la mwaka 2000, lakini kwa vipande vifupi vinavyomalizika kwa dakika chache. Katika Safari ya mwaka 2002 zilikuwapo hatua zilizozidi kilomita 100, na umbali wote wa kushindania ulipita kilomita 1,000.

Urefu huo ungeweza kuigwa. Kilichoshindikana ni kwamba barabara hizo hazikufungwa. Basi la abiria, lori la mizigo, kundi la ng'ombe na watoto waliotoka shule, wote walikuwa na haki ya kupita. Timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya magari yao ili dereva aonywe mapema. Magari yalifungwa vyuma vizito mbele, na bomba la kuvutia hewa likainuliwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji ya mto.

Kwa hiyo ubishi wa mashabiki kuhusu nani alaumiwe kwa ajali, ambao katika mbio za Formula One huwahusu madereva wawili waliogombea kona, hapa ulikuwa na mtu wa tatu. Mchungaji aliyevusha mifugo yake hakuwa mshindani, wala hakuna aliyempa kitabu cha kanuni. Katika michezo ya kompyuta mtu huyu hayumo, na pengine ni vyema asiwemo.

Kwa mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, hizi si habari za mbali. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara za kaskazini chini ya mlima zilikuwa sehemu ya simulizi zake. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Aliyewahi kushuka njia ya udongo kati ya migomba ya Kibosho mwezi Aprili anajua gari linavyoweza kwenda ubavu huku usukani umenyooka.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena saba. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Peugeot 404, gari ambalo watu wa kawaida walilitumia kwa safari zao. Jina la Safari Rally lilianza mwaka 1974, na njia ikabaki Kenya.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia. Ilipangwa kurejea mwaka 2020, ikazuiwa na janga la korona. Lakini mchezo wa WRC 9, uliotoka Septemba mwaka huo, ulikuwa tayari na Safari ndani yake. Mtu aliye sebuleni aliweza kuikimbia kabla ya madereva wenyewe.

Safari halisi ilirejea Juni 2021 katika eneo la Naivasha, ikiwa na takriban kilomita 320 za kushindania, na safari hii barabara zilifungwa. Wapo wanaolalamika kwamba hiyo si Safari tena. Malalamiko hayo ni rahisi kwa asiyeishi kando ya barabara. Mwaka 1986 watazamaji watatu waliuawa na gari katika mbio za Ureno, na miezi miwili baadaye Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa Corsica. Magari ya kundi lile, Kundi B, yalipigwa marufuku. Kwenye michezo ya kompyuta bado ndiyo yanayopendwa kupita yote.

Hata hivyo ardhi haikufungwa pamoja na barabara. Asubuhi ya siku ya mwisho mwaka 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa akiongoza shokapu ya gari lake ilipovunjika. Ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Ufaransa, Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili. Katika michezo mingi ya kompyuta, hitilafu kama ile ya Neuville mchezaji huweza kuizima kwenye mipangilio kabla hajawasha gari.